Mlinzi kasimamishwa kazi, kumbe kosa ni la swichi! Wauzaji acheni kutuficha wati

Wakuu, nina hasira, nivumilieni.

Nimefunga kamera 20 na vifaa 4 vya Wi-Fi kwenye ghala moja hapa Dar, vyote vinapata umeme kwenye swichi ya PoE ya poti 24, yaani kile kifaa cha mtandao kinachopitisha data na umeme kwenye waya mmoja, kila kamera na tundu (poti) lake. Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa: wati 30 kila poti. Piga hesabu, 24 mara 30 ni wati 720. Uwezo wa swichi nzima? Wati 250! Nimeukuta kwenye kijitabu, ukurasa wa mwisho, maandishi ya kukodolea macho. Muuzaji nilimwuliza ana kwa ana kama mzigo wote utabebeka, akanijibu "haina shida kaka".

Kila jioni kamera ya geti la nyuma inazima, inawaka, inazima tena. Mwezi uliopita mali ikaibwa upande huohuo, rekodi ina mapengo. Meneja akasema mlinzi anachomoa waya. Mzee wa watu yuko nyumbani wiki ya tatu, hana mshahara.

Juzi nikapanda ngazi na kipimo changu cha PoE, nikakichomeka kati ya waya na kamera. Mchana kinasoma wati 5.8. Saa kumi na mbili na nusu giza linaingia, nikasikia "tak!" ndani ya kamera, kile kichujio cha kuzuia infraredi mchana kinahama, taa za infraredi za kuonea gizani zikawaka, kipimo kikaruka hadi 11.9. Zidisha kwa 20, unapata 238. Vifaa vya Wi-Fi vinakula kama 13 kila kimoja, jumla 290. Swichi ikizidiwa inakata poti za mwisho, 21 hadi 24. Kamera ya geti la nyuma iko poti ya 24!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tuliagiza swichi inayoonyesha matumizi ya kila poti, na tukalipia bei yake. Ukifungua ukurasa wake unaona kitaa cha kijani tu, imewaka au imezima. Hakuna wati, hakuna kumbukumbu ya poti iliyokatwa saa ngapi. Utaratibu wa SNMP (lugha ya kusimamia vifaa vya mtandao ukiwa mbali) wa kusoma jumla ya matumizi, kutoa tahadhari mzigo ukikaribia kikomo, na kuhesabu mara ngapi poti imenyimwa umeme upo tangu 2003. 2003 jamani! Ningekuwa na namba hizo, ningemwonyesha meneja asubuhi ileile na mzee asingeguswa.

Nimerudi dukani, wananiambia eti nipunguze kamera. Nipunguze ipi, ya geti?

Kesho naingia kwa meneja na picha za kipimo, mchana na usiku, mzee arudishwe kazini na alipwe wiki zake tatu. Swichi wanabadilisha au wanarudisha hela. Aliyewahi kudai na akalipwa, naomba aniambie alianzia wapi.