Mama anataka mtoto wangu ang'olewe "meno ya plastiki", nifanyeje?

MtuWaShifti:
Wakuu habari za humu. Naomba ushauri wa haraka, hasa wenye watoto, na madaktari wa meno kama mpo.

Mimi niko mgodini Geita, familia iko kijijini Dodoma kwa mama yangu mzazi. Mtoto ana miezi mitano. Anaharisha tangu juzi, usiku homa inapanda. Leo asubuhi mama kamfungua mdomo kaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, viwili juu viwili chini, pale chonge zinapokaa. Anasema ni meno ya plastiki na yasipotolewa mtoto anakufa. Kuna mzee kijiji cha jirani anayachimbua kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, halafu anapaka majani.

Mke wangu hataki, ila yuko kwenye nyumba ya mama mkwe, atasema nini? Na mama si mtu mbaya. Mdogo wangu alifariki kwa kuharisha akiwa mchanga, mpaka leo mama anaamini walichelewa kumtoa hayo meno. Vile vyeupe ni nini hasa? Na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Bwashee_Mkuyuni:
Mkuu usicheze na hayo mambo. Wa kwangu alitolewa yote manne, siku ya tatu mzima kabisa, anacheza. Hospitali hawayajui haya. Mwache bi mkubwa afanye yake.

ChongeSina:
Mimi ndio niliyetolewa. Sasa hivi nina miaka thelathini na kitu, na chonge za juu sijawahi kuziona. Ya chini kushoto ilitoka kahawia, ina mashimo, imeota nyuma ya mstari kama mtu aliyechelewa gwaride. Meno ya pembeni yakasogea kujaza nafasi, kuuma muwa ni shughuli. Kila picha ya harusi yangu nimefunga mdomo. Bibi aliyenipeleka alinipenda sana, simlaumu, lakini mwanangu haguswi.

Daktari_wa_Meno_Moro:
MtuWaShifti, piga simu nyumbani sasa hivi waambie wasiende kwa huyo mzee. Maelezo endelea kusoma ukishapiga.

Meno ya plastiki hayapo. Mtoto anazaliwa na meno yote 20 ya utoto yameshaanza kutengenezwa ndani ya taya. Ya mbele chini ndiyo hutangulia, mara nyingi kuanzia miezi 6. Chonge huchelewa, hutoka kati ya miezi 16 na 22, lakini ina kichwa kinene, kwa hiyo muda mrefu kabla haijatoka fizi ya pale hutuna na kuwa nyeupe. Hicho ndicho mama amekiona, na kila mtoto anacho, anayeharisha na asiyeharisha. Ukichimbua unatoa kitu laini, cheupe, hakina mzizi, kwa sababu ni jino ambalo halijakomaa. Mzee anakuwekea kiganjani, unakiona kweli hakifanani na jino, unaamini. Ndio jina la plastiki lilikotoka, wengine wanasema nailoni.

Sasa jirani kabisa na hilo jino changa kuna mbegu ya chonge ya ukubwani, na kwenye umri huohuo wa miezi minne mitano ndiyo kwanza inaanza kugumuka. Spoku haichagui. Inaweza kuing'oa, kuikwangua au kuisukuma ikaota pabaya, hata mbegu ya jino la jirani ikaumia. Hayo ndiyo yaliyompata ChongeSina. Na huyo ana bahati, maana wengine huletwa wakiwa wamepoteza damu, au vimelea vimeingia kwenye damu, au pepopunda. Chuma kile kimepita kwenye midomo mingapi kabla ya mtoto wako? VVU nayo ipo hapo.

Bwashee, kuhusu wa kwako kupona siku ya tatu: kuharisha kwingi kwa watoto huisha kwenyewe ndani ya wiki. Angekunywa maji yake na kunyonya, angepona siku hiyohiyo ya tatu akiwa na chonge zake. Waliozika hawaji humu kutoa ushuhuda.

Bwashee_Mkuyuni:
Sasa daktari, mbona yanaonekana wakati uleule mtoto anapoanza kuumwa?

Daktari_wa_Meno_Moro:
Swali zuri, na wazee hawakuota, waliona kweli vitu viwili vinakuja pamoja. Miezi minne mpaka minane kinga aliyotoka nayo kwa mama inapungua, watu wanamwanzishia uji na maziwa ya ng'ombe, na yeye mwenyewe kila anachoshika anatia mdomoni. Tumbo linaharibika. Fizi nayo kipindi hichohicho inatuna. Jino halijafanya kosa lolote.

Nesi_wa_Kliniki:
Mleta mada, mtoto ananyonya tu au kuna kitu kingine anapewa?

MtuWaShifti:
Nimeuliza. Mama alimwanzishia uji mwezi uliopita, wanampa kwa chupa.

Nesi_wa_Kliniki:
Basi wachunguzeni hiyo chupa kabla ya fizi. Chupa ile ya chuchu, uji ukiganda kwenye mikunjo hausuguliki. Iwekeni pembeni, mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi sita itimie.

Leo apelekwe zahanati, ana homa na ni mdogo. Atapewa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, na zinki. Pakiti ya lita moja inakorogwa kwenye lita moja kamili ya maji safi, yakipita masaa 24 mwaga ukoroge mengine. Kila akiharisha anapewa mililita 50 mpaka 100 kwa kijiko, taratibu. Akitapika subirini dakika kumi muendelee. Zinki kwa umri wake ni miligramu 10 kwa siku, na msiache eti kwa sababu amepata nafuu, mmalize dozi.

Macho yakidumbukia, utosi ukibonyea, akilegea, akikataa kunyonya, kinyesi kikiwa na damu au akipata degedege, hakuna kusubiri kesho. Chukueni boda usiku huohuo.

MamaPili:
Upande wa mama: usibishane naye kwenye simu, na usimtumie mkeo kupeleka ujumbe, atachukiwa bure. Mpigie wewe mwenyewe. Mwambie, "Mama, nakuomba wewe ndio umpeleke mjukuu wako zahanati, umwonyeshe nesi hivyo vyeupe." Mpe yeye kazi. Ana uchungu wa mtoto aliyemzika, akikaa bure atatafuta cha kufanya.

MtuWaShifti:
Nimempigia. Kaka yangu akaongea naye pia. Kanuna, lakini ameenda, amembeba mwenyewe. Wamepewa ORS na zinki, malaria wamepima hana. Bado anasema meno yapo na nitakuja kumkumbuka. Mke wangu ameficha chupa.

ChongeSina:
Afadhali. Dokta, na sisi ambao tumeshaharibiwa?

Daktari_wa_Meno_Moro:
Anza na eksirei. Wakati mwingine chonge ipo, imezikwa ndani ya taya, na inaweza kuvutwa kwa waya. Kama haipo kabisa, jino la bandia la kuvaa na kuvua ndilo la bei ya chini. Unalivua usiku, unalilaza kwenye maji ya kawaida, ya moto yanalipinda. Daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, linakaa moja kwa moja, lakini linahitaji kusaga meno ya jirani. Kupandikiza skrubu ya titani ni ghali, unasubiri miezi kadhaa ishikane na mfupa, na mahali ambapo jino halikuwahi kuota mfupa huwa mwembamba.

Bwashee_Mkuyuni:
Wa kwangu sasa ana miaka sita. Nimpeleke?

Daktari_wa_Meno_Moro:
Mpeleke. Chonge za chini za ukubwani hutoka miaka 9 hadi 10, za juu 11 hadi 12, kwa hiyo kuna muda wa kujua kilichobaki na kupanga. Usikate tamaa mapema, kuna ambao hutoka salama. Ukiwa hapo mwambie daktari aangalie magego ya nyuma kabisa. Umri huo ndio gego la kwanza la ukubwani linatoka, halingoji jino lolote lidondoke, kwa hiyo wazazi wanadhani ni la utoto na wanaliacha lioze. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na usiku, na umsugue wewe, usimwachie mwenyewe.

Bwashee_Mkuyuni:
Nimemfungua mdomo sasa hivi. Lipo, na lina kidoa cheusi. Jumatatu nampeleka.