Re: Vyuma vyenye kutu vya ufukweni

Habari zenu wapendwa. Tangu tuhamie Great Yarmouth, mji wa pwani ya mashariki mwa Uingereza, kijana wangu kashikwa na mashine ya kutambua vyuma. Wikiendi kabebea nyumbani misumari minene na bonge moja la kutu lililogandamana na kokoto, zito kweli. Liko uani. Tuligonge nyundo tuone kilichomo?

---

Dada, tafadhali msiligonge. Chuma kikilala kwenye maji ya chumvi, kutu yake hushika mchanga na kokoto mpaka ikawa ganda gumu. Ndani inaweza kuwa bolti ya meli, inaweza kuwa kombora. Fukwe za mashariki mwa Uingereza zilitegwa mabomu mwaka 1940 kuwazuia Wajerumani wasitue, na mabaki ya vita bado yanafukuliwa na mawimbi. Uzee hauyaondolei hatari.

Lichungulie kwa mbali. Je, ni la mviringo na refu, limechongoka upande mmoja? Karibu na kitako kuna mkanda wa shaba uliogeuka kijani? Huo mkanda ni alama ya kombora la mzinga. Ukiona hivyo, au ukiwa na shaka tu, usilisogeze tena: watoe watoto, piga 999 uwaite polisi. Kitu kikiwa bado ufukweni, unaomba Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Najua wengi wetu tunasita kupigia simu watu wa serikali. Kwa hili usisite hata kidogo.

---

Naongezea kuhusu misumari. Tazama shina. Lenye pembe nne, lililopungua pande zote nne hadi nchani, ni kazi ya mhunzi, na kwa kawaida ni la zamani. La duara na laini ni la kiwandani, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Ukipata wa kijani usioshikwa na sumaku, huenda ni shaba ya meli. Ya chuma iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, uyabadilishe mara kwa mara. Ikikauka ghafla, chumvi iliyomo huipasua vipande vipande. Na chochote cha meli iliyozama, hata msumari mmoja, sheria inataka umwarifu Receiver of Wreck, afisa wa serikali anayeshughulikia mabaki ya meli, ndani ya siku 28.

---

Asanteni sana. Limechongoka upande mmoja kweli. Nimeshapiga, tuko kwa jirani wa mtaa wa pili na watoto wote.