Naomba ushauri: gasketi ya silinda hedi imeungua baada ya kufungua injini nyumbani

Ndugu mafundi na wenye uzoefu, nina Toyota Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ambayo mimi na kaka yangu tuliifungua yote nyumbani, tukabadilisha ringi, bearingi na gasketi zote (zile za kuziba maungio yasivuje), ikatembea vizuri kwa muda kabla ya kuanza kuchemsha kila inapopanda mlima. Sasa maji yanapungua bila kuvuja popote, rejeta inatoa mapovu mfululizo injini ikinguruma, na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nimeizima na sitaiwasha tena, maana oili iliyochanganyika na maji itazila bearingi mpya.

Hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ilisawazishwa kwa mashine, na uso wa bloku inayokalia tuliupima kwa rula ya chuma tukauona uko sawa. Wasiwasi wangu mkubwa ni unene wa gasketi, kwa kuwa injini hizi huchaguliwa gasketi kulingana na jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, nasi dukani tulipewa ya aina moja tu iliyokuwepo. Je, nianze na hilo, au hedi ipimwe ufa kwanza? Na boliti za zamani zinafaa kurudishwa?