Mfuko upi wa kubebea dagaa: "unaooza", mbadala, kaki au kapu la Kasulu?

Mama Dagaa, Mwanga

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Nauza dagaa wakavu na mawese hapa Mwanga, Kigoma mjini. Wateja wangu wengi ni wasafiri, wanataka mzigo ufike Dodoma au Dar bila kunukisha behewa zima. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019 natumia mifuko mbadala ya kawaida, saizi ya kati naipata kwa 300. Sasa kuna kijana wa jumla kaniletea mipya yenye picha ya jani la kijani, imeandikwa "rafiki wa mazingira, inaoza yenyewe", na chini kuna pembetatu ya mishale. Hiyo ni 450. Anasema nikiandika kibandani "tunatunza ziwa letu", watalii wanaopita kwenda Gombe watanunua bila kuuliza bei.

Nimebaki na vinne mezani: huo unaooza, mbadala wa kawaida, mfuko wa kaki, na kapu la kusukwa ninaloletewa kutoka Kasulu. Nisaidieni kulinganisha. Kibao nakitaka, ila mteja akiniuliza nisianze kung'aa macho.

Mwana wa Ujiji

Marahaba mama, japo najua umenizidi umri, unanitania tu.

Muulize huyo kijana maswali matatu. Unaoza wapi? Kwa muda gani? Unabakisha nini? Akishindwa hata moja, hilo jani la kijani ni pambo kama maua ya kanga.

Mimi niliwahi kuuziwa mfuko wa namna hiyo, nikaufukia kwenye bustani ya mchicha mvua za Novemba zilipoanza. Juni nikauchimbua. Ulikuwa umekatikakatika vipande, na kila kipande bado ni plastiki, kinang'aa vile vile. Mke wangu aliviokota kimoja kimoja huku akinisema. Nilichokuwa nimefanya ni kuugeuza mfuko mmoja kuwa mifuko midogo mia.

Mwl Kemia, Kasulu

Uliyoyaona yana maelezo, Mwana wa Ujiji. Ipo plastiki ya kawaida inayochanganywa na chumvi za metali ili jua na joto viikatekate haraka. Inapotea machoni, haipotei udongoni. Umoja wa Ulaya uliitoa sokoni kuanzia Julai 2021 kwa sababu hiyo hiyo.

Ipo pia inayooza kweli kuwa mboji, lakini someni masharti yake. Kipimo cha Ulaya kinachoitwa EN 13432 kinataka angalau asilimia 90 ya mfuko igeuke ndani ya miezi 6, kwenye mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi. Jalala letu halina joto hilo. Maji ya Tanganyika ndiyo kabisa. Kwa hiyo hata mwenye cheti halali anaposema "inaoza" bila kusema "kiwandani", amekuambia nusu ya habari.

Na hiyo pembetatu, mama, itazame vizuri. Ndani yake kuna namba?

Mama Dagaa, Mwanga

Ipo mwalimu. Ni 5, chini yake PP.

Mwl Kemia, Kasulu

Basi imejitaja yenyewe. Namba ile hutaja aina ya plastiki tu, ilianza kutumika Marekani mwaka 1988 ili wachambuaji wasichanganye makopo. Haisemi kwamba imetengenezwa kwa taka, wala kwamba Kigoma kuna mtu ataipokea. 5 ni polipropilini, malighafi ile ile ya mfuko mbadala wako wa 300. Umeongezewa 150 ya jani.

Kijana wa Katubuka

Jamani mnamkaba kijana wa watu. Kila mtu anauza kwa maneno. Mafuta ya alizeti dukani yameandikwa "hayana kolesteroli" na mnanunua kila siku, nani amelalamika?

Mwana wa Ujiji

Na umetoa mfano mzuri bila kukusudia. Mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kuhesabika, iwe alizeti, iwe karanga, iwe haya mawese yetu. Kuyasifia kwa hilo ni kama mimi kutangaza "samaki wetu hawana pembe". Si uongo, lakini jirani asiyeandika anaonekana ana pembe.

Mhasibu wa Gungu

Mimi sina kemia, nina mizani. Mama Dagaa, kiwango cha mifuko mbadala hapa nchini ni gramu 70 kwa mita ya mraba, usishuke. Unaweza kupima mwenyewe. Chukua rula, pima urefu na upana, zidisha, kisha mara mbili kwa sababu mfuko una pande mbili. Halafu weka mifuko 50 kwenye mizani yako ya dagaa kwa pamoja, mmoja mmoja hautausoma. Tuletee majibu.

Nyuki Mdogo, Tabora

Naomba niingie kutoka Tabora, nauza asali.

Nina jambo la kukiri, na ndiyo maana uzi huu umenigusa. Miaka miwili lebo zangu ziliandikwa "asali rafiki wa misitu". Nilikuwa naamini kabisa, nyuki si wanataka miti? Siku moja akaja mzee wa Sikonge, mrina asali tangu ujana wake, akasoma lebo akacheka. Akaniuliza, "Binti, asali hii inatoka kwenye mizinga gani?" Nikamwambia ya magome. Akasema, "Sasa mti uliovuliwa gome lake ukisikia hivyo, utasema wewe ni rafiki yake?"

Nilikosa la kusema. Mti wa miombo ukichunwa gome kuuzunguka, chakula hakishuki tena mizizini, unakufa umesimama. Mzinga mmoja, mti mmoja. Na mimi nilikuwa nanunua asali ya mizinga mingapi? Sikuwahi hata kuuliza. Nilizifuta lebo kwa wino, nyingine nikazibandua na maji ya moto jikoni usiku. Siku hizi naandika "asali ya mizinga ya mbao, Sikonge" kwa ile ninayojua kwa hakika, na ile nyingine naandika "asali ya Tabora", basi. Inauzika vile vile. Mteja anayetaka kujua zaidi anauliza, na ninalo jibu.

Kuhusu mfuko wa kaki: mzuri kwa mzigo mkavu wa safari fupi. Ukilowa umekwisha, na mtungi wa asali ulishanipasukia stesheni kwa sababu ya kaki iliyokaa chini penye umande.

Mama Dagaa, Mwanga

Dada wa Tabora, Mungu akuzidishie, wachache wanasema ya kwao hadharani.

Mhasibu, nimepima. Mfuko ni sentimita 30 kwa 40. Mifuko 50 imenipa nusu kilo kasoro kidogo sana, nimehesabu nusu kilo. Ni huu wenye jani.

Mhasibu wa Gungu

Twende. 0.3 mara 0.4 ni 0.12, pande mbili 0.24 ya mita ya mraba. Kwa gramu 70 mfuko mmoja ulitakiwa uwe na gramu 16.8, kwa hiyo 50 ni gramu 840. Wewe una 500, yaani gramu 10 kwa mmoja. 10 gawanya kwa 0.24 unapata kama gramu 42 kwa mita. Na hapo tumewahesabia hata mishikio.

Kwa hiyo umeuziwa mfuko mwepesi kuliko kiwango, ghali kuliko wa kawaida, utakaochanika mapema na kutupwa mapema. Halafu ndio ulioandikwa rafiki.

Kijana wa Katubuka

Hapo sasa hata mimi nimenyamaza.

Mwl Kemia, Kasulu

Niongeze hesabu moja ya kukusaidia kuchagua kati ya iliyobaki. Wakala wa Mazingira wa Uingereza mwaka 2011 ulilinganisha mifuko kwa mchango wake kwenye joto la dunia, tangu kutengenezwa hadi kutupwa. Ili kuupita mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja, wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3, huu wetu wa polipropilini mara 11, wa pamba mara 131. Wanaogawa vikapu vya kitambaa kwenye semina, kila semina kimoja, wazisome namba hizo taratibu.

Mwana wa Ujiji

Mwalimu nakuheshimu, ila hesabu hiyo inahesabu moshi. Haihesabu ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia humu kinakaa. Mwaloni Kibirizi rambo za kabla ya 2019 bado zinapanda na nyavu. Kwa hesabu ya Uingereza rambo inashinda, kwetu hapa nani ataikubali?

Mwl Kemia, Kasulu

Kweli kabisa, nilipaswa kusema hilo mwenyewe. Inapima kitu kimoja. Ila fundisho lake la kutumia mara nyingi linabaki hata kwa ziwa: mfuko uliopo begani haupo majini.

Mama Dagaa, Mwanga

Na kapu? Hakuna aliyeligusa. Nalipata kwa 3,000, linadumu, lina harufu nzuri. Shida dagaa wanachungulia kwenye matundu na abiria mwenzio anakuangalia vibaya.

Nyuki Mdogo, Tabora

Weka kaki ndani ya kapu. Kaki inazuia dagaa, kapu linaizuia kaki isichanike. Na usimbebeshe kapu mteja wa kilo moja. Hilo muuzie anayekwenda na kurudi, mwambie akija nalo tena unampunguzia.

Mhasibu wa Gungu

Kuhusu kibao, ukiandika wewe umesema wewe. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja kwenye biashara, na hautajificha nyuma ya kijana wa jumla. Andika unachofanya, kama dada wa Tabora.

Mama Dagaa, Mwanga

Nimerudi baada ya siku nne.

Mzigo wa majani ya kijani nimeurudisha. Kijana alinuna, nikamwomba anionyeshe cheti cha hiyo "inaoza yenyewe", akasema aliletewa hivyo hivyo na yeye. Sikumlaumu sana, ni mtoto wa watu anatafuta. Lakini nilimpimia mbele yake, na safari hii aliandika namba kwenye simu yake.

Nimebaki na mbadala mzito, nimeupima, 50 zinagonga gramu 860. Kaki kwa wa mjini. Makapu kumi ya Kasulu kwa wazoefu wa treni, manne yameshaondoka. Mawese yanabaki kwenye madumu yale yale, mteja anakuja na dumu lake kama zamani, hilo hata halikuhitaji uzi.

Kibao kimeandikwa: "Ukija na mfuko wako, unapunguziwa 200." Watalii wawili walikipiga picha. Hawakununua dagaa.

Kijana wa Katubuka

Mama, mimi nina rambo la 2018 nyumbani, nikija nalo napunguziwa?

Mama Dagaa, Mwanga

Njoo nalo, utajieleza kwa mgambo wa soko mlangoni.