Bodisuti, rompa au ovaroli: tununue zipi kwa Nakuru na Kisumu?

Baba Mtarajiwa, Nakuru

Habari zenu. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi Julai hapa Nakuru, kisha baada ya miezi miwili hivi tutahamia Kisumu kwa sababu ya kazi. Muuzaji mmoja anatusifia bodisuti, mwingine rompa, wa tatu anasisitiza ovaroli ya kulalia, na mama mkwe ameshaanza kufuma sweta. Naomba mwenye uzoefu atueleze kila nguo ina kazi gani, na ni zipi tusizipotezee fedha.

Mama Wawili, Nakuru

Hongera, Baba. Kabla ya kutazama rangi, tazama nguo inavyofunguka, kwa maana mtoto mchanga hubadilishwa nepi usiku na mchana. Bodisuti ni fulana inayoshuka na kufungwa kwa vifungo vya kubonyeza katikati ya miguu. Hufunika tumbo na kuizuia nepi isilegee, nayo huvaliwa ndani ya nguo nyingine, au peke yake penye joto. Chagua ile ambayo kitambaa cha mabegani kimepishana, kwa sababu nepi ikivuja hadi mgongoni utaivua kwa kuishusha kupitia mabegani, badala ya kuupitisha uchafu wote usoni pa mtoto.

Rompa ina mikono na miguu, mifupi au mirefu, lakini huacha nyayo wazi. Ovaroli ya kulalia hufunika mpaka vidole vya miguu, na kwa usiku wa Julai katika mji huu ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mimi nisingeikosa. Iwe inafunguka mbele, kutoka shingoni hadi mguuni. Zile zenye vifungo mgongoni ni za kupigia picha.

Muuza Mitumba, soko la Kibuye, Kisumu

Ndugu, mgao wa saizi ndio utakaokuokolea fedha. Nguo nyingi zitokazo Ulaya huandikwa 56, 62 au 68, na tarakimu hizo ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Kwa kuwa mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 50, ile ya 56 ataivaa kwa wiki chache tu. Hivyo basi nunua chache za 56, ziwe ovaroli za pamba nzito. Zile za 62, ambazo huenda akazivaa mkiwa tayari Kisumu, ziwe bodisuti na rompa za pamba nyepesi. Ovaroli ya manyoya ya poliesta, hata ikiwa nzuri namna gani, huku itamtoa mtoto vipele vya joto. Weka pia nguo chache nyepesi za mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa jioni, ingawa haziwezi kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa.

Muuguzi wa Watoto, Kisumu

Naongeza jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Nguo za kurithi zilizohifadhiwa na vidonge vya nafthalini vya kufukuza nondo zisivalishwe mtoto mchanga. Nafthalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, na kumletea manjano kali, na upungufu huo huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria, hili letu la ziwani likiwamo.

Kuhusu kofia, najua akina nyanya hawatakubaliana nami: humfaa mtoto anapotolewa nje kwenye baridi, lakini akilala ndani ivuliwe, kwani kichwani ndipo anapopunguzia joto. Sweta ya mama mkwe ipokeeni kwa shukrani, ila muikague isiwe na kamba shingoni wala matundu makubwa yanayonasa vidole.

Baba Mtarajiwa, Nakuru

Nashukuruni sana. Je, glavu na soksi ni za lazima?

Mama Wawili, Nakuru

Soksi ni za kuvaa na rompa tu, kwa kuwa ovaroli ya kulalia imeshafunika nyayo. Glavu unaweza kuziacha ukimkata kucha mara kwa mara. Ukinunua chochote kati ya hivyo, kigeuze ndani nje na ukate nyuzi zilizolegea, kwa sababu uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu isipite.