Sanduku la Kiwira: libaki Dar au lirudi mgodini?

Mleta mada, Mbagala:
Wakuu, heshima kwenu. Baba yangu mdogo alichimba makaa ya mawe Kiwira, kule karibu na Kyela, mgodi uliojengwa kwa msaada wa China ukaanza kazi mwaka 1988. Alipostaafu akajipa kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kupita nyumba kwa nyumba akiomba kadi za zamu, picha na kofia kuukuu, na kuandika nani alifanya nini. Majirani humwita mwanahistoria, wengine kwa utani.

Mwezi uliopita alikuja Dar kutibiwa macho, akaniachia sanduku la bati. "Huku ndiko kuna wasomi," akasema. Sasa ukoo umegawanyika.

Juzi nililifungua. Juu kabisa kuna picha ya vijana kumi mbele ya mdomo wa shimo. Nyuma yake, kwa penseli, kuna majina manane na alama mbili za kuuliza. Mimi nasema lirudi. Alama zile hatazijibu mtu wa Mtaa wa Shaaban Robert, hata tukiiweka picha Makumbusho ya Taifa kwenye kioo. Zitajibiwa na bibi fulani sokoni Kyela.

Mdau wa Upanga:
Mkuu, mvua ya Kyela unaijua au unaisikia? Ile hainyeshi, inamwagika. Karatasi ya miaka thelathini haiwezi kulala chini ya bati huko. Nyaraka za Taifa ziko hapa Upanga, na kuna sheria ya mwaka 2002 ya kutunza kumbukumbu. Mzee akiondoka (Mungu ampe umri), zile kofia wajukuu watazipima kilo kwa mnunua chuma chakavu. Nimeona yakitokea kwetu, kwa mashine ya cherehani ya marehemu babu.

Wakili wa mtaani:
Msitegemee sana serikali kuwafuata. Sheria ya Malikale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mgodi wa 1988 ni mtoto mchanga hapo, mpaka waziri atangaze. Kwa hiyo mzee huyo kwa sasa ndiye ulinzi wenyewe.

Kijana wa Tandika:
Samahani wakuu, nusu ya Dar ikisikia makaa inafikiria gunia la mkaa na jiko la chipsi. Nani atalipa kiingilio kuangalia kofia?

Binti wa Tukuyu:
Kaka wa Tandika, Wajerumani wanalipa. Mgodi wa makaa wa Zollverein kule Essen, uchimbaji ulikoma 1986, na mwaka 2001 ukaingia Urithi wa Dunia. Mgodi wa Ombilin wa Sawahlunto, Indonesia, umeingia 2019. Na hawakuubeba mgodi kuupeleka Berlin au Jakarta, ukabaki pale pale ulipo.

Ila naomba tusiishie kwenye kofia. Enugu, Nigeria, Novemba 1949, polisi wa mkoloni waliwapiga risasi wachimbaji wa makaa 21 wakafa. Mji wa makaa ukisimuliwa kwa picha za kutabasamu tu, simulizi inakuwa nusu. Popote makaa yanapochimbwa kuna vumbi, na vumbi linakaa kifuani. Mwulize baba mdogo kama sandukuni kuna chochote cha wagonjwa na wajane. Kama hakuna, mrekodi kwa simu leo hii.

Mleta mada:
Dada, umenigusa. Nimepekua tena: kuna daftari moja la michango ya misiba, majina na shilingi. Sikuwa nimelipa uzito.

Mrejesho: jana usiku niliituma ile picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Leo kabla ya adhuhuri mama mmoja wa Kyela kajibu kwamba wa tatu kutoka kushoto ni mumewe, amemjua kwa shati, alilishona yeye. Mnaona sasa? Watu wa kulisoma sanduku wako kule.

Mdau wa Upanga:
Naona vizuri sana, mkuu. Na hilo limefanyika ukiwa Mbagala, kwa simu. Sanduku halijatoka chini ya kitanda chako.

Mleta mada:
Hapo umenishika. Ila bado kuna mtu mmoja hana jina, na huyo mama anasema aliyekuwa jirani wa huyo asiye na jina hatumii simu.