Mwanafunzi wangu alikwama jukwaani mwaka jana, na zimebaki wiki 3

MwalimuSouthB
Habari zenu wakubwa. Nafundisha watoto piano, na kila mwisho wa mwaka tunakodi ukumbi wa kanisa wazazi waje wasikize. Nina msichana wa miaka 12. Kwangu anapiga kipande chake mara kumi bila kosa. Mwaka jana alipanda, akapiga vizuri hadi mstari wa tatu, mkono wa kushoto ukapotea. Akarudi mwanzo. Kufika palepale, ukapotea tena. Mara ya tatu akaweka mikono mapajani akakaa hivyo, ukumbi kimya, hadi nikamfuata. Mlangoni mama yake akaninong'oneza, "Mwalimu, labda tumwache tu."

Mtoto mwenyewe anataka kurudi. Nimemwongezea mazoezi kutoka siku 2 hadi 4 kwa wiki, lakini naona anazidi kukakamaa. Nifanyeje?

FidlaKayole
Pole mwalimu, lakini unachomzoesha ni kipande, jukwaa bado. Kila siku anaanzia juu, sivyo? Basi vidole vyake vinajua mlango mmoja tu, na akipotea lazima azunguke hadi huko. Gawa karatasi yake sehemu 5 au 6, zipe herufi. Akiwa katikati ya kupiga, piga makofi, taja "D!", naye arukie D papo hapo. Wangu wamekuwa wakiniomba huo mchezo. Na hizo siku 4 rudisha ziwe 2, mtoto ana shule pia.

Alto_Mstaafu
Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927 na sisi wa kwaya za shule tumetetemeka humo kizazi baada ya kizazi. Mwalimu wetu alikuwa anatumia nusu saa nzima kutufundisha kuingia na kutoka. Kuimba hapana, kutembea tu! Tulimwona kama amerukwa na akili. Siku yenyewe kichwa kilikuwa kitupu lakini miguu ilijua kazi. Huyo binti aingie, ainamishe kichwa, akae, asikie mwendo wa kipande kichwani kwanza, ndipo aanze. Na afanye hayo akiwa na viatu vya siku hiyo. Pedali na viatu vipya havijuani.

KijanaWaGitaa
Kuna kidonge cha kutuliza mapigo ya moyo, wanamuziki wakubwa ng'ambo wanameza kabla ya onyesho. Mpe nusu.

MamaPili
@KijanaWaGitaa tafadhali, usimwandikie mtoto wa watu dawa. Hicho kidonge, propranolol, kinaweza kumbana kifua mwenye pumu, na wewe humjui huyu msichana. Mikono baridi na mdomo mkavu si ugonjwa, ni adrenalini, ile homoni ambayo mwili humwaga ukiogopa. Mwalimu, mwambie mapema kwamba itakuja ili isimshtue, na azoee kutoa pumzi polepole zaidi ya anavyoivuta. Ila usimwambie "tulia". Wangu akiambiwa atulie, ndipo anakimbilia choo.

Msukumapiano
Maswali mawili tu. Nani alipiga kabla yake? Na nyumbani ana piano ya aina gani?

MwalimuSouthB
Nyumbani ana kinanda cha umeme, kile chepesi. La kwanza ngoja nitazame video.

MwalimuSouthB
Nimetazama. Jamani. Aliyemtangulia ni kijana wa kidato cha tatu, mrefu kama mlingoti, alikuwa ameshusha kiti na kukisukuma nyuma. Huyu kaja kakaa ukingoni, viwiko viko chini kabisa, mguu unatafuta pedali. Hakukigusa kile kiti. Na mimi sikuwahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kukigusa.

Msukumapiano
Nilijua. Nimebeba piano miaka mingi na kazi hiyo naiona kila onyesho: mtoto anakalia kiti cha mwenzake kwa adabu. Halafu piano halisi ni nzito vidoleni ukilinganisha na hicho chepesi, kwa hiyo mkono wa kushoto ulichoka mapema. Kodi ukumbi hata kwa saa moja tu, kabla ya siku yenyewe.

MwalimuSouthB
Nimeshapiga simu, tumepewa Jumamosi saa nne. Nitakizungusha kiti hadi juu kabisa kisha nikae nyuma, nisiseme neno, akishushe mwenyewe. Wasikilizaji ni ndugu zake wawili na mlinzi wa kanisa, ambaye ameniuliza kama kutakuwa na soda.